Bango na picha za kuchapwa za Unguja ya zamani: nitajuaje ni za miaka gani, na nizitunzeje hapa Nairobi?

Msomaji wa Ngara

Habari zenu wadau. Maktaba yetu ya mtaa ina mkusanyo mdogo wa picha za Zanzibar ambazo tunataka kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari. Kabla hatujatundika chochote nahitaji msaada wa wanaojua karatasi za zamani.

Kwanza kuna bango la kampuni ya meli, la rangi, upana sentimita 63.5 na urefu 101.5. Mbele kuna jahazi, nyuma yake ufuko wenye bustani ya kijani, jumba jeupe lenye roshani pande zote na mnara wa saa, na kwa mbali minara miwili ya kanisa. Chini kabisa kuna jina la kiwanda cha uchapaji cha London. Tarehe hakuna. Limekaa limeviringishwa muda mrefu, ukilikunjua linajirudi lenyewe. Ukingo mmoja umepasuka kama sentimita 9 na mtu aliubandika selotepu ambayo sasa imekuwa rangi ya chai.

Pili, ukurasa wa gazeti la Kiingereza unaoonyesha mji kutoka baharini, umetiwa rangi za maji, na nyuma yake kuna habari zilizochapwa. Aliyeuza alisema ni wa mwaka 1850 na kwamba rangi ni za tangu mwanzo.

Tatu, kadi za posta 14. Nyingine zina stempu na maandishi, nyingine hazijawahi kutumwa. Moja inamwonyesha mwanamke aliyevaa kanga nyekundu, ameketi kitini, na maelezo ya Kiingereza yanasema ni mrembo wa Zanzibar.

Maswali yangu: nitatambuaje kama ni za asili au nakala? Miaka yake naipata vipi? Bango nalinyooshaje na kulitia fremu bila kuliharibu? Na je, ni haki kuwaambia wanafunzi kwamba hivi ndivyo Unguja ilivyokuwa?

---

Lenzi Kumi

Ndugu Msomaji, anza na jinsi karatasi ilivyochapwa. Picha yenyewe itasubiri. Tafuta lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, inayokuza mara 10. Simu usiitegemee kwa kazi hii, kwa sababu programu ya kamera huilainisha picha yenyewe na kufuta nukta zile zile unazozitafuta.

Kagua herufi kwanza. Kwenye bango la litografia (uchapaji wa jiwe au bati) la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kila rangi ilichorwa kwenye jiwe lake au bati lake na kupigwa kivyake. Ukiweka lenzi juu ya herufi utaona wino uliojaa, ukingo umekatika safi. Hamia kwenye anga au bahari: utaona chembe za wino zisizolingana, kubwa na ndogo, zimetawanyika kama mchanga. Hiyo ni alama ya kalamu ya mafuta au brashi iliyorushwa juu ya jiwe. Angalia pia rangi mbili zinapopakana. Mara nyingi moja imepanda juu ya nyingine kidogo sana, na pale kwenye mpaka ikatokea rangi ya tatu nyembamba ambayo msanii hakuikusudia.

Nakala ya kisasa imepigwa picha nzima na kuchapwa upya kwa rangi nne. Utakuta nukta za buluu, waridi iliyoiva, njano na nyeusi zimejipanga kwa viduara vinavyofanana kila mahali, hadi ndani ya herufi. Ikiwa imetoka kwenye printa ya wino wa kunyunyiza, utakuta vinukta vidogo mno, vyote ukubwa mmoja. Lakini usikurupuke. Mabango mengi ya miaka ya 1950 yalichapwa kwa ofseti, uchapaji wa mashine wenye nukta kama hizo, tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nukta kwenye picha peke yake hazitoshi kuliita bango bandia. Zikiwa na kwenye herufi, hapo shuku.

Vipimo vyako vinatia moyo. Hizo ni inchi 25 kwa 40, kipimo kilichotumika sana Uingereza kwa mabango ya reli na meli. Mdogo wake wa kawaida ni inchi 20 kwa 30. Ukiletewa bango la Kiingereza linalodaiwa kuwa la mwaka 1930 na ukapima ukapata 59.4 kwa 84.1, au 50 kwa 70 kamili ya fremu za madukani, liache. Uingereza haikuwa ikichapa mabango yake kwa vipimo vya A (kama A1 na A4) wakati huo.

Jaribio jingine la bei nafuu ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Zima taa za chumba, imulike nyuma ya bango. Karatasi iliyotengenezwa baada ya takriban mwaka 1950 mara nyingi ina kemikali ya kuing'arisha, na itawaka buluu nyeupe. Karatasi ya zamani hubaki imefifia, ya maziwa au ya kahawia. Linganisha na karatasi ya kawaida ya printa ukiiweka kando yake, tofauti utaiona mara moja. Isipowaka hujathibitisha umri wake, maana karatasi zisizo na kemikali hiyo zipo hadi leo, ila ikiwaka sana umeshapata jibu.

Ukurasa wa gazeti ni habari nyingine kabisa. Magazeti ya picha ya London, yakianza na Illustrated London News mwaka 1842, yalichapa picha kwa mbao zilizochongwa, kwa wino mweusi tu. Rangi za maji kwenye kurasa za habari karibu zote zilitiwa baadaye na wauzaji wa picha. Chunguza kama rangi imevuka mstari au imelowa hadi upande wa pili na kutia doa kwenye habari; gazeti halikutoka kiwandani hivyo. Picha yenyewe inaweza kuwa ya asili kabisa, ni rangi tu zilizoongezwa.

Kitu kimoja kizuri cha kuwaonyesha wanafunzi kwa lenzi: picha kubwa zilichongwa kwenye vipande vidogo vya mti mgumu, kila mchongaji na kipande chake, kisha vikafungwa pamoja kwa bolti ili gazeti litoke kwa wakati. Pale vipande vilipokutana utaona mstari mweupe mwembamba kama unywele, umenyooka kabisa, ukipita katikati ya mawingu na nyumba bila kujali kilichochorwa.

---

Bi Shangani

Lenzi Kumi amemaliza upande wa uchapaji. Mimi nitaingia ndani ya picha, maana ufuko wa Mji Mkongwe una majengo ambayo miaka yake inajulikana, na ukiyafuata moja moja unabana tarehe kutoka pande zote mbili.

Kiini ni Beit al-Ajaib, lile jumba jeupe lenye roshani. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, kwa hiyo picha yoyote ya ufuko inayolionyesha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Sasa angalia mnara. Awali mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza ziliupiga mji mizinga kwa chini ya saa moja. Mnara ule ukaharibika, jumba la Beit al-Hukm likabomoka. Katika matengenezo ya mwaka uliofuata mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib lenyewe. Kwa hiyo mnara uliojitenga ni 1883 hadi 1896. Mnara ulioungana na jumba ni 1897 na kuendelea. (Sehemu ya jumba pamoja na mnara huo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo picha zenu zinaonyesha kitu ambacho mwanafunzi wa leo akienda hatakikuta kama kilivyokuwa.)

Alama ya pili watu wengi huipita. Siku ile ile meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama bandarini mbele ya jumba, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Ukiona kwenye kadi milingoti mitatu mitupu, bila mwili wa meli chini yake, una picha iliyopigwa kati ya 1896 na 1912.

Minara miwili ya kanisa ni ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890. Na ile bustani ya kijani ndiyo inayobana bango lako. Forodhani palikuwa mahali pa mizigo na mabanda hadi bandari ilipohamia Malindi. Bustani iliwekwa kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub, mwaka 1936. Kama bango lina nyasi na vijia vilivyopangwa pale mbele, ni la 1936 au baadaye. Tazama tena kama kuna tao karibu na maji. Tao lilijengwa kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Margaret mwaka 1956. Likiwepo, bango ni la baada ya hapo. Lisipokuwepo usifunge kesi, kwa sababu mchoraji wa matangazo huondoa chochote kinachomzuia kuonyesha jahazi lake.

Soma pia majina ya nchi na bandari kwenye maandishi. Kenya iliitwa Koloni kuanzia mwaka 1920. Kabla yake matangazo yaliandika British East Africa. Jina Tanganyika nalo ni la baada ya Vita vya Kwanza.

Kwa ukurasa wa gazeti, 1850 nina shaka nayo. Zanzibar ilijaa kwenye magazeti ya London katika vipindi vichache: mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873, ziara ya Barghash Uingereza mwaka 1875, ugomvi na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, na ile mizinga ya 1896. Niambie kama Beit al-Ajaib lipo na mnara uko wapi.

Kadi za posta zina saa yake. Geuza nyuma. Kama upande wa anwani haujagawanywa kwa mstari wa katikati, na mwandishi amelazimika kuandika salamu zake pembeni mwa picha, kadi ni ya muundo wa mwanzo. Uingereza iliruhusu upande huo kugawanywa mwaka 1902, nchi nyingine zikafuata miaka michache baadaye. Kama imeandikwa kuwa imechapwa Ujerumani au Saxony (jimbo la Ujerumani), karibu hakika ni ya kabla ya Agosti 1914. Kisha stempu: thamani kwa anna (sehemu ya rupia) ni kabla ya 1908, senti za rupia ni 1908 hadi 1935, shilingi ilianza 1936. Stempu ya Sultani iliyopigwa neno JAMHURI ni ya baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Na kama mtu atakuletea chapisho lenye bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za dhahabu, lishike vizuri, bendera hiyo ilipepea kuanzia Desemba 1963 hadi siku ya Mapinduzi tu.

Muhuri wa posta unakuambia siku ambayo kadi tayari ilikuwapo. Picha inaweza kuwa imepigwa miaka 10 au 15 nyuma, maana wapiga picha waliendelea kuchapa na kuuza picha kutoka kwenye negativu (filamu au vioo vya asili) zile zile.

---

Msomaji wa Ngara

Asanteni sana. Nimekagua kwa mlolongo mliotoa.

Bango: herufi zimejaa wino, hakuna nukta popote, anga ina chembe zisizolingana. Chini ya taa ya zambarau haliwaki. Bustani ipo, tao halipo, na kwenye orodha ya bandari imeandikwa Tanganyika.

Gazeti: jumba lenye roshani lipo na mnara umesimama peke yake mbele yake. Kuna mistari miwili myeupe iliyosimama wima. Rangi ya kijani ya minazi imepenya hadi nyuma.

Kadi: 5 hazijagawanywa nyuma. Mbili zina senti, moja ina anna. Kadi ya mwanamke imegawanywa na imechapwa Saxony. Nyingine kadhaa zina jina la mpiga picha, Gomes, na moja de Lord.

Sasa kunyoosha na fremu. Kuna mtu amenishauri nilipige pasi kupitia kitambaa kisha nilipeleke likapigwe lamineshi.

---

Bi Shangani

Basi bango ni la kuanzia 1936, na mpaka wa juu uache wazi hadi umpate mchoraji kwa sahihi yake. Ukurasa wa gazeti ni wa kati ya 1883 na 1896, na habari iliyo nyuma yake itakusaidia kuubana zaidi: tafuta tukio moja lenye tarehe, hata tangazo la kifo au kikao cha bunge. A. C. Gomes na de Lord walikuwa wapiga picha wa Kigoa waliofanya kazi Zanzibar, na Gomes alikuwapo tangu karne ya 19. Ukitaka kulinganisha picha zao, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960. Ni bure kutazama.

---

Fundi Karatasi

Pasi hapana, na lamineshi hapana kabisa. Joto la pasi huyeyusha gundi ya selotepu na kuizamisha ndani ya nyuzi za karatasi, doa halitoki tena. Lamineshi huunganisha plastiki na wino kwa joto. Siku plastiki itakapoanza kujikunja hutaweza kuitoa bila kuondoka na picha.

Karatasi iliyoviringishwa muda mrefu inapasuka kwa sababu imekauka. Ipe unyevu taratibu, bila kuilowesha. Kwanza pima wino: tia tone dogo la maji kwenye pembe isiyoonekana, subiri sekunde 30, gandamiza kwa pamba nyeupe. Pamba ikishika rangi, acha hapo hapo, kazi hiyo si ya nyumbani. Ndiyo sababu ukurasa wako wa gazeti wenye rangi za maji na kadi zenye maandishi ya wino hazitaingia kwenye unyevu hata kidogo. Karatasi yenye mng'ao wa utando nayo isiingie, kwa sababu utando unalainika na kugandana.

Wino ukiwa imara, chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, refu kuzidi upana wa bango. Chini weka taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa. Juu yake weka wavu wa plastiki ulioinuliwa kama sentimita 5 ili bango lisiguse maji. Laza bango juu, funika. Kagua kila saa. Baada ya saa 3 hadi 6 litakuwa limelegea na litafunguka lenyewe kwa mkono mwepesi. Usililaze usiku kucha, ukungu unaanza kupata nafasi. Kagua pia upande wa ndani wa mfuniko: matone yakijikusanya, yafute, maana tone moja likidondoka huacha duara la kahawia ambalo ni baya kuliko mkunjo.

Likifunguka, lilaze kati ya karatasi za kufyonza wino, au kitambaa cha pamba nyeupe kisicho na nakshi, halafu ubao laini juu na vitabu juu ya ubao, uzito usambae sawa. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya nusu saa, kisha baada ya saa 2, kisha kila siku. Liache wiki mbili. Watu huliondoa siku ya tatu likionekana limenyooka, na kufikia jioni limepinda upya, kwa sababu katikati bado palikuwa na unyevu.

Shida yako ni selotepu. Karatasi ikipata unyevu inatanuka, selotepu haitanuki, kwa hiyo pembeni mwake patatokea mawimbi. Ikiwezekana itolewe kwanza na mtu aliyefunzwa. Nenda Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, uombe ushauri kabla ya kuigusa. Kuivuta kwa kucha kutaondoka na tabaka la juu la picha.

Vumbi liondoe kabla ya unyevu, la sivyo unyevu utalipikia humo humo. Brashi pana laini, kutoka katikati kwenda nje. Mahali pasipo na picha unaweza kukwangua raba nyeupe ya plastiki kwa kikwangulio cha jikoni, kunyunyiza unga wake na kuuzungusha kwa kidole bila kukandamiza. Maandishi ya penseli yasiguswe, hata yakionekana ni uchafu. Bei au jina la muuzaji wa zamani ni sehemu ya historia ya karatasi. Jiki na wipes ziweke mbali.

Mpasuko mdogo usio na selotepu unazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kipimo: wanga sehemu 1, maji yaliyokenekwa sehemu 5. Pika moto mdogo ukikoroga bila kuacha, dakika 20 hadi 30, mpaka weupe ugeuke kuwa kioo kioo. Ukipoa chuja kwenye kichujio cha chai mara mbili, punguza kwa maji hadi uwe kama uji mwepesi. Unga wa chapati hautafaa: protini yake inaivisha karatasi rangi ya njano na kuita wadudu. Gundi nyeupe ya shule nayo ikikauka haitoki tena kwa maji.

Sasa fremu. Mafundi wa Nairobi ni wazuri kwa mbao na kioo, lakini usipowaelekeza watafanya kama wanavyofanyia cheti: bango limebandikwa kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao) kwa gundi, kioo kimegusa uso. MDF hutoa asidi, na kioo kinachogusa karatasi hushika unyevu wa Aprili na Mei na kugandisha wino juu yake. Mwambie fundi mambo haya kwa maneno na umwandikie: kadi isiyo na asidi nyuma na mbele, ya mbele ikatwe dirisha ili kioo kikae milimita 3 au 4 mbali na bango, bango lishikiliwe kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani upande wa juu tu, chini liachwe huru litanuke na kusinyaa, nyuma pazibwe kwa utepe wa karatasi kuzuia vumbi na mende. Kwa ukubwa huo akriliki (plastiki ngumu angavu) inayozuia mwanga wa urujuani ni bora kuliko kioo, ni nyepesi na haivunjiki juu ya watoto. Nyuma ya fremu, pembe za chini, bandika vipande vya kizibo au mpira vya milimita 5 ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua usiutumie.

---

Lenzi Kumi

Nakubaliana na yote isipokuwa moja: kwa maktaba ya mtaa, la asili lisitundikwe kabisa. Karatasi kama hii huonyeshwa kwenye mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na chumba cha kusomea chenye madirisha makubwa ni mara nyingi zaidi ya hapo. Nyekundu na njano ndizo hufifia kwanza, na ukishaziona zimefifia hakuna wa kuzirudisha. Tundika nakala.

Kadi ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, uhifadhi kama TIFF, faili la picha lisilopoteza ubora. Ukishusha hadi 150 kwa picha zenye nukta utapata mawimbi ya ajabu angani. Bango lipigwe picha likiwa limelala: kamera juu ya stendi, lenzi ya milimita 50, f/8, ISO 100, taa mbili sawa kila upande kwa pembe ya digrii 45, na kipande cha kadi ya rangi pembeni ili rangi zirekebishwe baadaye. Kamera ikiinama kidogo tu, mnara wa saa utaonekana unaanguka.

---

Fundi Karatasi

Kwa hilo sina ubishi, ikiwa nakala itaandikwa wazi kuwa ni nakala. La asili basi lilale bapa kwenye folda isiyo na asidi, ndani ya droo, wala lisirudi kwenye mviringo. Likitolewa kwa siku maalumu, liwe kwenye fremu niliyoeleza, wiki chache, kisha lirudi gizani.

---

Mwanakarafuu

Swali lako la mwisho, ndugu Msomaji, halijajibiwa, na kwangu ndilo zito.

Chukua kadi ya mwanamke. Picha ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ilipelekwa Ulaya, ikachapwa Saxony, na mtu wa kiwandani aliyekuwa hajaona Zanzibar akatia rangi. Kwa hiyo usimwambie mwanafunzi kwamba kanga ilikuwa nyekundu. Unachoweza kusema kwa uhakika ni nakshi: ukubwa wa maua, pindo, jinsi alivyoifunga kifuani na begani. Hivyo kamera iliviona. Tazama pia kiti na pazia la nyuma. Kama pazia hilo hilo na kiti hicho hicho vinatokea kwenye kadi nyingine mikononi mwako, hapo ni studio, na huenda mavazi nayo yalikuwa ya studio. Hata neno "mrembo" si lake. Jina lake halikuandikwa, na hilo lisemwe kwenye maelezo mtakayobandika.

Wauzaji pia walitumia negativu moja kwa miji kadhaa: mtu yule yule akauzwa kama wa Zanzibar, kesho wa Mombasa. Mkifananisha na mikusanyo ya mtandaoni mtawapata.

Kwa bango, tazameni kazi. Matangazo ya meli yanaonyesha minazi, jahazi na jumba. Hayaonyeshi mchumaji wa karafuu juu ya mti wala mchukuzi wa bandarini. Yalichorwa kumvutia abiria wa Ulaya anunue tiketi. Mabango ya Empire Marketing Board, bodi ya Uingereza iliyokuwapo 1926 hadi 1933, yalikuwa na lengo jingine, kuwafanya Waingereza wanunue bidhaa za himaya, kwa hiyo huko wafanyakazi wanaonekana, ila wametulia na wametosheka. Mengi yapo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kumbukumbu namba CO 956. Yawekeni kando ya bango lenu. Kisha waelezeni wanafunzi yasiyochorwa: mashamba ya karafuu yalianzishwa kwa jasho la watumwa, kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza, na utumwa kisheria ulikoma mwaka 1897 tu.

Jahazi nalo lina ushahidi, ukilitazama kwa jicho la baharini. Wachoraji wengi wa Ulaya walichora tanga la pembetatu kamili, lenye ncha mbele. Tanga la jahazi letu limekatwa pale mbele, lina ukingo mfupi unaosimama. Mchoraji aliyelipata hilo huenda alikuwa amelitazama jahazi au picha nzuri ya jahazi. Aliyelikosa alinakili kutoka kwa mchoraji mwenzake. Na mkikuta chombo chenye tanga la mkeka la mraba, huo ni mtepe, uliounganishwa kwa kushonwa, na picha hiyo ni ya zamani sana kwa sababu mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Bandari iliyojaa majahazi makubwa ya Arabuni na Bara Hindi ni ya majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi.

---

Msomaji wa Ngara

Nimelitazama tanga kwenye bango: limekatwa mbele, na ukingo mfupi upo. Kwenye ukurasa wa gazeti yote ni pembetatu kamili.

Swali la mwisho: tukichapa nakala na kuiweka kwenye tovuti ya maktaba, sheria inasemaje?

---

Lenzi Kumi

Kwa sheria ya Kenya, mchoro unalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Picha ya kamera miaka 50 tangu ilipopigwa au kuchapishwa. Ukurasa wa gazeti na kadi za kabla ya 1914 viko huru hapa. Bango ndilo la kuangalia: soma sahihi kwa lenzi, tafuta mwaka aliofariki mwenyewe. Uingereza wanahesabu miaka 70, kwa hiyo kwa tovuti inayoonekana kote tumia kipimo hicho. Mkishindwa kumpata, onyesheni nakala ukutani ndani ya maktaba kwanza, na mtandaoni wekeni kadi na gazeti.

---

Fundi Karatasi

Na nyuma ya kila kimoja andikeni kwa penseli laini ya 2B, pembeni chini, namba ya mkusanyo tu. Kalamu ya wino na stika zisitumike. Maelezo mengine yote yakae kwenye daftari na kwenye jina la faili: ZNZ-kadi-07-mbele, ZNZ-kadi-07-nyuma.